Video za helikopta kutoka kiti cha rubani: kamera iko mkononi mwa nani?

Miezi michache iliyopita tuliweka kwenye ukurasa wa kituo chetu kipande cha video cha sekunde 40 hivi. Kilipigwa nje ya nchi, ndani ya helikopta ya watalii, kutoka pale anapokaa rubani. Mlima wenye theluji mbele, bonde chini, na kivuli cha helikopta kikikimbia juu ya mawe. Watu walikipenda, wakasambaziana.

Kesho yake asubuhi akapiga simu msikilizaji wetu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya ufundi wa ndege. Hakutaka kuingia hewani. Alisema tu: "Wanangu, nyie mmeangalia mlima. Hebu rudieni, safari hii muangalie mkono wake wa kushoto."

Tukarudia. Katikati ya video mkono wa kushoto wa rubani unaacha wenzo alioushika, unapanda hadi kwenye lenzi, unaigeuza kidogo ili kilele kikae vizuri kwenye picha, kisha unarudi. Ni kama sekunde tatu. Hakuna kilichotokea. Lakini sisi watatu tuliokuwa studio, tulioitazama ile video zaidi ya mara kumi kabla ya kuiweka, hakuna aliyekuwa ameuona huo mkono.

Tuliiondoa video, na tukaahidi kurudi na maelezo. Tumeyaandika hapa kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi tunaoishi chini ya mlima unaotafutwa na kamera za dunia nzima. Swali letu si kama kamera iwekwe kwenye chumba cha rubani au isiwekwe. Tutaonesha kwamba kamera hiyo imewahi kusaidia sana. Swali ni nani anaishughulikia chombo kikiwa angani, na picha zake ni za nani chombo kisiporudi.

Kwa nini sekunde tatu ni nyingi

Dereva wa gari anaweza kushika usukani kwa mkono mmoja na gari likaendelea kwenda. Ndege ndogo yenye mabawa nayo, ikiwekwa sawa, inaweza kukaa kwenye mwelekeo wake kwa muda kidogo bila kushikwa. Helikopta ndogo nyingi haziko hivyo.

Rubani wa helikopta, ambaye kwa kawaida hukaa upande wa kulia, ana kazi kwa viungo vyote vinne. Mkono wa kulia unashika fimbo inayoelekeza chombo mbele, nyuma na pembeni. Mkono wa kushoto uko kwenye wenzo unaoongeza au kupunguza nguvu ya mapanga ya juu, yaani unaopandisha na kushusha. Miguu miwili iko kwenye pedeli zinazodhibiti pangaboi la mkiani, ili chombo kisizunguke kama pia.

Vitu hivi vinategemeana. Ukinyanyua wenzo wa kushoto, pua ya chombo inataka kugeuka, kwa hiyo mguu unajibu. Mguu ukijibu, mkono wa kulia nao unarekebisha. Helikopta kubwa na za kisasa zina mitambo ya kusaidia kazi hii. Nyingi ya zile ndogo zinazobeba watalii watatu au watano hazina, au zina msaada mdogo tu.

Injini ikizima, rubani anatakiwa kushusha wenzo wa kushoto mara moja, ili hewa inayopanda kutoka chini iendelee kuzungusha mapanga wakati chombo kinashuka. Kwenye helikopta yenye mapanga mepesi muda wa kufanya hivyo unahesabiwa kwa sekunde, wakati mwingine chini ya mbili. Mkono uliokuwa unageuza kamera ndio ulikuwa na kazi hiyo. Mzee wetu hakuhitaji kueleza zaidi.

Marekani ina kanuni tangu mwaka 1981 inayowakataza marubani wa ndege za abiria kufanya jambo lolote lisilohusu usalama wakati wa kuruka, wakati wa kutua na, isipokuwa wakiwa kwenye mwendo wa kawaida wa safari, wakiwa chini ya futi 10,000. Mwaka 2014 mamlaka ya anga ya nchi hiyo ikaongeza katazo la kutumia simu na kompyuta binafsi kwenye chumba cha rubani. Katazo hilo la pili liliwekwa kwa mashirika makubwa ya ndege, si kwa watoa huduma wadogo wa matembezi ya angani.

Mwaka huohuo, tarehe 31 Mei, ndege ndogo aina ya Cessna 150 ilianguka karibu na mji wa Watkins, jimbo la Colorado, na kuua watu wawili waliokuwamo. Wachunguzi walikuta kamera ndogo ya GoPro. Safari ya ajali haikuwa imerekodiwa, lakini safari fupi za kabla yake zilikuwamo, zikionesha rubani na abiria wakijipiga picha kwa simu, tena usiku na kwa mwanga wa kamera. Taarifa ya uchunguzi ilisema inaelekea rubani alivurugwa umakini na simu yake hadi akapoteza udhibiti wa ndege. Haikuwa helikopta, lakini jambo ni lilelile.

Video inaonesha nini, na inaficha nini

Sisi wa redio tunajua namna ya kukata sauti. Ukimhoji mtu dakika 20 na kurusha dakika mbili, msikilizaji hasikii mlio wa jenereta wala mtu akikohoa. Video ya kiti cha rubani nayo inakatwa hivyohivyo, na tena kamera yenyewe huanza kuficha kabla ya mkono wa mhariri.

Angalia mapanga. Kwenye video nyingi yanaonekana kama yamesimama au yanazunguka polepole kinyume. Kamera hupiga picha moja moja kwa kasi maalumu, tuseme 30 kwa sekunde. Kama kila inapopiga picha mapanga yamefika karibu na pale yalipokuwa, jicho letu linadanganywa kwamba hayakusogea. Ukweli ni kwamba mapanga ya helikopta ya kitalii huzunguka takriban mara 400 kwa dakika.

Kuna mtikisiko pia. Kamera za siku hizi zina uwezo wa kutuliza picha, kwa hiyo upepo unaotikisa chombo kizima unaonekana kwenye simu kama pumzi tu. Sauti ya injini huondolewa na kuwekwa muziki. Mazungumzo ya rubani na waongoza ndege hukatwa. Lenzi pana hufanya mwamba ulio karibu uonekane mbali.

Kubwa kuliko yote ni urefu. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni kama nusu tu ya ile ya Tanga au Dar es Salaam. Mapanga yanakata hewa nyepesi, injini inapumua hewa nyepesi, na akiba ya nguvu inapungua. Si kila helikopta inaweza kufika. Aina ya Robinson R44, inayotumika sana duniani kwa matembezi, kikomo chake ni futi 14,000, yaani mita 4,267 hivi. Hapo hata kambi ya Barafu hujaifikia.

Ni kweli kwamba tarehe 14 Mei 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle alitua juu ya kilele cha Everest, mita 8,848, kwa helikopta aina ya AS350 B3, na kamera zilizofungwa kwenye chombo zikawa sehemu ya ushahidi wa rekodi yake. Lakini huyo alikuwa rubani wa majaribio, akiwa peke yake, na chombo kilichopunguzwa uzito. Anayeona picha ile na kudhani ndiyo kazi ya kila siku ya helikopta yenye abiria watano na mizigo yao atakuwa amepotoshwa na picha ya kweli.

New York, 2018: picha ilipokuwa ndiyo biashara yenyewe

Jioni ya tarehe 11 Machi 2018 helikopta aina ya AS350 B2 iliruka kutoka jimbo la New Jersey kwenda kuzunguka jiji la New York. Milango ilikuwa imeondolewa makusudi. Abiria watano walivalishwa mikanda ya mwili iliyofungwa kwa kamba kwenye chombo, ili waweze kukaa ukingoni, miguu nje, na kupiga picha za majengo. Kampuni iliyouza safari hizo, FlyNYON, ilijulikana kwa picha za viatu vya abiria vikining'inia juu ya jiji.

Abiria wa kiti cha mbele alijigeuza na kujilaza nyuma ili miguu yake itoke nje kwa ajili ya picha. Sehemu ya kamba yake iliyokuwa inaning'inia ikanasa wenzo wa kukatia mafuta, ulioko sakafuni. Aliponyanyuka, kamba ikauvuta wenzo. Injini ikazima juu ya jiji.

Rubani aliishusha helikopta kwenye mto East River. Maboya ya dharura hayakujaa sawasawa, chombo kikapinduka. Rubani, aliyekuwa na mkanda wa kawaida, alijifungua akatoka. Abiria wote watano walikufa maji, wakiwa wamefungwa kwenye mikanda ambayo mtu asiyeizoea hawezi kuifungua haraka, achilia mbali akiwa kichwa chini ndani ya maji ya baridi.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilieleza jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo la kukumbukwa kuliko yote. Sheria za nchi hiyo zinaruhusu safari za kupiga picha angani ziendeshwe kwa masharti mepesi kuliko safari za watalii. Ruhusa hiyo imekusudiwa kazi maalumu kama za wapigapicha na wapima ardhi. Wahusika wa safari hizi waliitumia kwa watalii wa kawaida wenye simu mkononi. Kwa kuziita safari za picha, walikwepa usimamizi ambao ungezibana kama safari za watalii.

Siku chache baada ya ajali, mamlaka ya anga ya Marekani ilipiga marufuku safari za milango wazi zenye mikanda ya ziada isiyofunguka kwa urahisi. Ilikuja baada ya vifo vitano.

Mtu anaweza kusema hii ni habari ya abiria, si ya rubani. Sisi tunaiona ni habari moja. Kamera inapogeuka kuwa sababu ya safari, kila kitu ndani ya chombo huanza kupangwa kwa ajili yake: milango, mikanda, kiti cha nani kiwe wapi, rubani ainamishe chombo kiasi gani, akaribie mwamba kiasi gani. Hapo hata rubani mwangalifu anakuwa na bosi wa pili, naye ni mtazamaji asiyekuwamo ndani ya chombo.

Kamera hiyohiyo ilipotoa ushahidi

Sasa tugeuze upande wa pili. Tunajuaje kwamba ile kamba ilinasa wenzo wa mafuta? Tunajua kwa kiasi kikubwa kwa sababu ndani ya helikopta ile kulikuwa na kamera ya GoPro iliyofungwa juu, ikirekodi safari ili abiria wauziwe kumbukumbu. Ilipatikana, na picha zake zikawaonesha wachunguzi mwendo wa ile kamba. Bila hiyo, pengine leo tungekuwa tunabishana kama rubani alikosea au injini ilikuwa mbovu.

Mfano wa pili ni wa Alaska, tarehe 30 Machi 2013. Helikopta ya polisi wa jimbo hilo ilikwenda usiku kumchukua mtu aliyekwama kwenye theluji karibu na Talkeetna. Ilipokuwa inarudi ilianguka, na wote watatu waliokuwamo wakafa. Ndani yake kulikuwa na kifaa kidogo kinachorekodi picha za chumba cha rubani pamoja na mwenendo wa chombo. Picha zilionesha kwamba rubani, akiwa hana tena kitu cha kuangalia nje, aliifunga kwa mkono wake saa inayomwonesha kama chombo kimelala au kimekaa sawa. Saa ikabaki inaonesha kitu kisichokuwapo. Kipande hicho cha ukweli kisingepatikana kwenye mabaki ya chuma.

Wa tatu ni wa Gold Coast, Australia, tarehe 2 Januari 2023. Helikopta mbili za kampuni moja, zote zikiwa kwenye safari za dakika chache za kuonesha watalii pwani, ziligongana moja ikiruka na nyingine ikija kutua. Watu wanne walikufa. Ile iliyokuwa inatua, ingawa iliharibika, rubani wake aliifikisha kwenye fungu la mchanga.

Video ya simu ya abiria kutoka ndani ya helikopta hiyo ya pili ilizunguka dunia nzima. Inaonesha abiria wa nyuma akiona chombo kingine kinakuja, akinyoosha mkono kumgusa rubani. Wachunguzi wa Australia walitumia picha za namna hiyo kupima kila rubani aliweza kuona nini kutoka pale alipokaa. Walichogundua hakikuishia kwa mtu mmoja: walizungumzia pia kasoro ya antena ya redio, ambayo inaelekea ilifanya wito wa helikopta iliyokuwa inaondoka usisikike, na namna eneo lote lilivyopangwa.

Kwa hiyo kamera si adui. Katika mifano yote mitatu iliacha ushahidi ambao usingepatikana kwa njia nyingine. Wala si kamera iliyokuwa mkononi mwa rubani: moja ilifungwa juu na kuachwa, moja ilikuwa kifaa cha chombo chenyewe, moja ilikuwa simu ya abiria.

Kwa nini helikopta ndogo hazina kisanduku cheusi

Wasikilizaji wengi hudhani kila chombo cha angani kina kisanduku cheusi. Sivyo. Kanuni za kimataifa huangalia zaidi uzito na umri wa chombo. Helikopta nyingi za matembezi ni nyepesi mno kuingia kwenye sharti hilo, au zilitengenezwa kabla sharti halijawekwa.

Ndiyo maana tarehe 26 Januari 2020, helikopta iliyomuua mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na wengine wanane ilipoanguka California, wachunguzi hawakukuta kisanduku cheusi. Na tarehe 10 Aprili 2025, helikopta ya watalii ilipokatika angani na kuanguka kwenye mto Hudson, New York, ikaua familia ya watu watano kutoka Hispania pamoja na rubani, NTSB ilisema chombo hakikuwa na kinasa taarifa chochote cha kuusaidia uchunguzi. Bodi hiyo imependekeza mara nyingi, kwa miaka mingi, kwamba helikopta ndogo zifungwe vinasa vyepesi vyenye kamera. Mapendekezo ya NTSB si sheria.

Marubani wenyewe wamegawanyika. Vyama vyao katika nchi kadhaa vimepinga kamera ya kudumu kwa hoja ambayo si ya kupuuza: picha iliyowekwa kwa ajili ya usalama kesho itatumika na mwajiri kumfukuza mtu kazi, na keshokutwa itavuja mtandaoni ikiwa na sekunde za mwisho za uhai wa mtu. Viwango vya kimataifa vya uchunguzi wa ajali vinalinda sauti na picha za chumba cha rubani kwa sababu hiyohiyo. Hazitolewi ovyo.

Lakini rubani huyohuyo anayekataa kamera ya usalama mara nyingine anafunga ya kwake binafsi kwa ajili ya wafuasi wake mtandaoni. Tunadhani hapo ndipo hoja inapoanza kulegea. Kamera isiyotakiwa na uchunguzi lakini inatakiwa na matangazo haijakataliwa kwa sababu ya faragha.

Huku kwetu

Hatusemi haya kwa kuchungulia ya wenzetu tu. Usiku wa tarehe 3 Machi 2019, helikopta aina ya Bell 505 ilianguka kwenye Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana, nchini Kenya. Rubani Mkenya na watalii wanne Wamarekani walikufa. Tarehe 24 Desemba 2025, hapa kwetu, helikopta iliyokuwa kwenye kazi ya kuokoa wagonjwa ilianguka upande wa Barafu, Kilimanjaro, na watu watano wakapoteza maisha. Hiyo haikuwa safari ya mandhari, na hatuihusishi na kamera hata kidogo. Tunaitaja kwa sababu ilitukumbusha anga la mlima wetu lilivyo, hata kwa watu wanaolijua kwa kazi.

Biashara ya kuuza mandhari kutoka angani inakua Afrika Mashariki, na video ndiyo bango lake. Mtalii aliyeko Ulaya hanunui maelezo, ananunua kile alichokiona kwenye simu. Kampuni nayo inajua hivyo. Rubani kijana anajua kwamba video moja nzuri inaweza kumpatia kazi bora kuliko saa mia za kuruka kwa uangalifu ambazo hakuna aliyeziona.

Shinikizo hilo halizuiliki kwa kukemea. Linawekewa utaratibu, na utaratibu wenyewe si mgumu. Kamera ifungwe chombo kikiwa chini, kwa kishikio ambacho fundi amekikagua, mahali pasipoziba macho ya rubani. Isikae karibu na dira, maana chuma na sumaku huipotosha. Isiwe na waya unaoning'inia. Mwenye kutilia shaka hilo akumbuke ile kamba ya New York. Milango ikiwa wazi, kila kitu kidogo kifungwe, kwa sababu kofia au simu ikitoka nje inaweza kufika kwenye pangaboi la mkiani. Iwashwe kabla injini haijawashwa, izimwe mapanga yakishasimama. Katikati ya hapo isiguswe. Ikipinda, ibaki imepinda. Ikianguka, anayeiokota awe abiria au rubani wa pili, au isiokotwe kabisa.

Tungependa pia mamlaka zetu za anga, ambazo tayari zimeweka masharti ya kina kwa ndege zisizo na rubani, ziandike kwa uwazi masharti ya kamera binafsi ndani ya helikopta zinazobeba abiria wa kulipa. Liwemo hili: chombo kikipata tatizo, picha zote, za rubani, za kampuni na za abiria, zikabidhiwe kwa wachunguzi kabla hazijaenda kwenye ukurasa wowote. Na sura ya abiria ni mali yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Mtu akipanda helikopta kwa ajili ya harusi yake, hajatia saini kuwa tangazo.

Ukitaka kupanda

Wengi wetu hatutapanda helikopta leo wala kesho. Lakini wapo wanaochangishana kwa ajili ya fungate, na wapo vijana wetu wanaofanya kazi ya kuwapeleka wageni kwenye vyombo hivyo. Kwao tuna maneno machache.

Uliza nani anarekodi. Jibu zuri ni kwamba kamera imefungwa, na rubani haigusi. Jibu la kukutia wasiwasi ni "rubani wetu ni mtaalamu, anaweza kufanya vyote viwili". Jaribu kufungua mkanda wako mwenyewe kabla ya kuruka, macho yakiwa yamefumbwa. Usimwombe rubani ashuke zaidi, asogee zaidi au azunguke mara ya pili kwa ajili ya picha yako. Na akikuambia hali ya hewa imebadilika, hamfiki kileleni, mshukuru. Hiyo ndiyo video ambayo hakuna anayeisambaza, nayo inatokea mara nyingi kuliko tunavyojua.

Na sisi? Tumekubaliana hapa kituoni kwamba kabla ya kuweka video ya kiti cha rubani, tunaitazama mara mbili. Mara ya kwanza tunaangalia mlima. Mara ya pili tunaangalia mikono. Mikono ikiondoka mahali pake, video haiendi, hata kama kilele kimekaa vizuri namna gani.

Tulimpigia mzee wetu kumwambia. Alicheka kidogo, akatuuliza kama tuliwahi kumwona fundi wa ndege kwenye video yoyote ya helikopta. Tukasema hapana. "Basi," akasema, "siku mkimwona, mtujulishe na sisi." Akakata simu.